Bima ya gari ukiitazama kutokea gereji

Mimi si wakala wa bima na sipewi kamisheni na mtu. Kazi yangu ni makaratasi ya gereji moja ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, Unga Limited, hapa Arusha. Naandika makadirio, natafuta spea, nafuatilia madai kwenye kampuni za bima mpaka pesa iingie ndipo gari litoke. Gari likiletwa kwa kuvutwa, fundi mkuu anainama kuangalia kama chesisi imepinda. Mimi nauliza, "Bima gani?" Jibu ninalolipata kuliko yote ni hili: "Ipo dada, trafiki wakicheki inasoma."

Inasoma, sawa. Ila kinachosoma kwenye simu ya trafiki ni kwamba sheria umeitii. Hakisemi lolote kuhusu nani atalipia hiyo boneti iliyojikunja hapo nje.

Tangu leseni ya barabara ya kila mwaka ifutwe 2017 na gharama yake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, bima ndiyo karatasi ya gari ambayo watu wanaikumbuka kwa tarehe. Na wengi wanailipa kama kodi: nipe ya bei ya chini, nipite kizuizini Kisongo bila maneno. Kodi hailipwi kwa kuchagua, lakini bima inachaguliwa, na uchaguzi wenyewe unafanyika kwenye ile fomu ambayo wakala anakujazia haraka haraka huku wewe umeshika simu unatafuta salio.

Tuanze na bima ndogo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo barabarani awe angalau na bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule mwingine: mtembea kwa miguu uliyemgonga Mianzini, abiria wa bodaboda, mwenye Noah uliyemparamia kwa nyuma kwenye foleni ya Sakina. Sheria iliwalenga hasa wanaokufa na wanaoumia. Uharibifu wa mali ya huyo mtu nao umo kwenye mikataba, lakini una ukomo wake, umeandikwa. Ada ya bima hiyo kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 118,000 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo gari lako wewe halimo. Halimo hata taa moja.

Kuna mzee wa Usa River alimgonga mwenzake kwa nyuma pale Tengeru, siku ya soko. Magari yote mawili yakaja kwetu, IST yake na Noah ya yule aliyegongwa. Noah ikashughulikiwa kwa bima ya mzee: mlango wa nyuma, bampa, taa ya kushoto. Mzee anakaa kwenye benchi letu anatazama Noah inapigwa rangi, IST yake iko pembeni imefunikwa turubai. Akaniita. "Mwanangu, bima ni yangu, mlipaji ni mimi kila mwaka. Mbona anatengenezewa yeye?"

"Mzee wangu, ndiyo bima uliyonunua. Ni ya kumtengenezea yeye."

Alikaa kimya, kisha akaniuliza bampa ya mtumba ya IST ni shilingi ngapi.

Sisemi alidhulumiwa. Bila hiyo 118,000 angetoa mfukoni pesa ya Noah pamoja na ya IST yake. Na kama kwenye ile Noah angekuwepo mtu aliyevunjika mguu, hapo ndipo ungejua bima ndogo ina kazi gani. Bampa la mtu unaweza kulilipa ukakopa kwenye kikundi. Mguu wa mtu, au maisha ya baba wa watoto wanne, hakuna kikundi kinachokopesha hicho. Kwa hiyo wale wanaoidharau bima ndogo kwamba ni ya trafiki tu, siko upande wao.

Ya katikati haitajwi sana, na sijui kwa nini mawakala wanaificha: bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Inalipa yote ya bima ndogo, halafu gari lako likiungua au likiibwa nalo unafidiwa. Ukigonga nguzo, hiyo ni yako na nguzo. Mimi mwenyewe nina Passo ya siku nyingi na ndiyo niliyoikatia. Baba watoto alitaka bima kubwa, ile inayolitengeneza hata gari lako mwenyewe ukigonga, tukabishana jioni nzima. Hoja yangu ilikuwa moja: Passo ikigongwa mbele, najua spea zake ziko wapi na fundi wangu ni nani, nitaitengeneza kwa mshahara wa miezi miwili mitatu. Ikiibwa hapo nje Ngaramtoni, sina pesa ya kununua nyingine. Basi nikate bima ya kile nisichokiweza.

Huo ndio mtazamo wangu wote, na nimeupata kwa kuangalia watu wanavyolia na wanavyocheka getini kwetu. Usianze na swali la bima ipi ni nzuri. Anza na hasara ipi ukiipata leo huamki.

Kwa mwenye gari la mkopo jibu limeshatolewa, benki itataka bima kubwa na jina lake liandikwe kwamba ndiyo inayolipwa kwanza. Kwa mwenye gari la maana ambalo ndilo limemeza akiba yake, vilevile, bima kubwa. Hesabu yake kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Chukua gari la milioni 12: hiyo ni 420,000, weka VAT 75,600, unafika 495,600. Tofauti na bima ndogo ni 377,600. Mbele ya IST ikibonyea vizuri, yaani bampa, boneti, taa mbili, rejeta na shoo, pamoja na kunyoosha na rangi, makadirio ninayoandika mimi yanaipita tofauti hiyo mara kadhaa. Magari ya biashara yana viwango vyake, vya juu zaidi.

Sasa tuje penye kesi nyingi: ile namba inayoandikwa kwenye kisanduku cha thamani ya gari.

Watu wana mbinu mbili na zote zinawaumiza. Mbinu ya kwanza ni kushusha. Gari la milioni 16 linaandikwa milioni 8 ili ada ipungue nusu. Wakala hakatai, wengine ndio wanaoshauri. Halafu ajali inatokea, matengenezo ni milioni 3. Kama mkataba una kifungu cha wastani, kampuni inasema: ulikata bima ya nusu ya gari, tunakulipa nusu ya hasara. Hiyo ni milioni moja na nusu, na bado hawajakata eksesi, nitaieleza mbele kidogo. Gari likiibwa lote, hawawezi kukupa zaidi ya hizo 8. Mbinu ya pili ni ya wanaojiona wajanja zaidi: gari walinunua milioni 20 miaka minne iliyopita, kila mwaka wanaandika 20, wakidhani likipotea watapewa 20. Hawapewi. Bima inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, na dakika hiyo gari lako sokoni lilikuwa 13 au 14. Umelipa ada ya milioni 20 bure.

Dawa yake ni kazi ya nusu siku. Kabla ya kukata upya, pita yadi mbili tatu za magari uulize gari kama lako, mwaka kama wako, linauzwaje. Kama gari lina vitu vya kuongezewa, redio kubwa, keria, rimu, viandikwe. Land Cruiser za watalii hapa mjini zinakatwa paa, zinarefushwa, zinafungwa friji na redio ya upepo, kisha mwenyewe anaandika thamani ya gari tupu lilivyotoka bandarini. Siku likipinduka kwenye njia ya hifadhini, asesa, yule mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima, anahesabu alichokuta kwenye karatasi.

Nimeitaja eksesi. Ni kile kipande cha hasara ambacho unabeba mwenyewe kila unapodai, mara nyingi ni asilimia fulani ya dai na kiwango cha chini kisichoshuka. Kama eksesi yako ni 500,000 na mkwaruzo ni wa 450,000, huna cha kudai, na ukidai unapoteza punguzo la mwaka usiokuwa na madai. Uliza namba hiyo kabla ya ada. Kuna kampuni ada yake inavutia kweli kweli, ukifungua ukurasa wa pili eksesi yake inakata pumzi, hasa kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya.

Kingine ni matumizi. Hapa Arusha hii inaangusha watu wengi kuliko ulevi. Gari lina namba ya njano, fomu imejazwa matumizi binafsi, lakini Jumamosi linabeba wageni kutoka KIA, au kijana analifanyia kazi ya teksi ya kuitwa kwa simu mjini. Tuliletewa Noah ya namna hiyo imelala ubavu kule Maji ya Chai, abiria wote walitoka salama, Mungu ni mwema. Kwenye taarifa ya polisi mmoja wa abiria alieleza vizuri kabisa kwamba alilipia nauli. Kampuni ilikataa dai, na barua yao ilikuwa fupi. Mwenye Noah alipiga kelele sana ofisini kwangu, nami nilimwelewa, lakini gari la binafsi na gari la abiria wa kulipa ni hatari mbili tofauti na zina bei mbili tofauti. Kama gari linaingiza hela, sema linaingiza hela, ukate ya biashara pamoja na dhamana ya abiria.

Dereva naye. Mkataba unasema nani anaruhusiwa kuendesha, na mwenye ruhusa yako lazima awe na leseni hai ya daraja la gari hilo. Halafu unamwachia ufunguo kijana wa kuosha magari asogeze gari kivulini. Magari yaliyogongwa kwenye kuosha ni jamii nzima pale gereji kwetu! Kijana hana leseni, mwenye gari yuko dukani anakunywa soda, gari limeingia ukutani. Hapo hata bima kubwa inaweza kugoma. Gari lisogeze mwenyewe.

Kwenye nyongeza nitapita haraka. Kioo cha mbele mara nyingi kina kiwango chake, na ukifuata lori la kokoto utajua thamani yake. Saiti mira na taa kuibwa gari likiwa limeegeshwa: wizi wa gari zima na wizi wa vipande vyake si lazima vilindwe sawa, uliza. Vurugu za kisiasa kwa kawaida hazimo mpaka uzilipie. Mafuriko, ulizia kabla ya masika. Gharama ya kuvutwa ina ukomo, na kutoka Longido mpaka mjini ukomo huo unaisha njiani.

Mnaovuka mpaka, mliopo Moshi mnaokwenda Taveta kwa Holili na sisi wa Namanga, bima yako ya Tanzania peke yake haikulindi ukiwa Kenya. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA lakini kwenye mpango huu wa kadi imo, na kampuni yako ya bima ndiyo inayokukatia. Kadi inabeba madai ya mtu wa tatu kule uliko. Kama unataka na gari lako lenyewe liwe salama upande wa pili, omba mkataba wako wa bima kubwa uongezwe eneo, kwa maandishi, kabla ya safari.

Kununua kwenyewe: wakala, dalali wa bima, benki au kampuni moja kwa moja, kote ni sawa mradi amesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni. Mtu akikwambia "nitumie kwenye namba yangu, nitakuwekea kesho," bima yako ni ya kesho pia, maana pasipo ada hakuna bima. Ukishalipa, ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS, weka namba ya gari, usome mwenyewe: aina ya bima, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Nimeona mtu aliyelipia kubwa na kwenye mfumo imesajiliwa ndogo. Aligundua akiwa kwetu, na gari liko kwenye jeki.

Siku ya ajali yenyewe, kama hakuna aliyeumia vibaya, piga picha kabla ya kusogeza chochote: namba za magari, alama za breki, barabara pande zote mbili. Ita trafiki. Usikubali kosa kwa mdomo wala kwa karatasi, hata kama yule mwingine ni mangi mnayefahamiana kanisani na anakwambia "tuyamalize hapahapa." Mkiyamaliza hapo, bima haimo tena. Aliyeumia anahitaji PF3 kwa ajili ya hospitali. Wewe utahitaji ramani ya ajali na taarifa ya polisi, PF90, na hiyo inaweza kuchukua muda, fuatilia kwa upole. Kampuni ipigie siku hiyohiyo. Na tafadhali, fundi asiguse gari mpaka asesa aje. Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi na barabara ya Himo mpaka Moshi haina nafasi ya kupumua, tunaletewa magari yaliyokwisha kung'olewa bampa na fundi wa njiani "ili mwenyewe awahi." Asesa akija anakuta mashimo na hadithi.

Asesa anakuja na kamera na daftari, anagonga gonga, anaandika. Mimi nimeandika taa mpya, yeye anakata. Hapa mgogoro ni mmoja kila siku: gari la mwaka 2006 lilivunjika taa kuukuu, ukifungiwa mpya umepata faida, kwa hiyo tofauti ya uchakavu wanataka uilipe wewe, au wanakubali spea ya mtumba. Ni halali kama imo kwenye mkataba. Unachoweza kufanya ni kuuliza mapema, na gereji unayoitaka iwemo kwenye orodha yao, la sivyo gari lako litapelekwa kusikokupendeza.

Mwisho wa yote inakuja karatasi ya kukubali malipo. Ina mistari michache na chini ina sehemu ya sahihi. Mistari hiyo inasema kwamba kiasi hiki ni malipo kamili na huna dai lingine. Njaa ya pesa ikiwa kali, mtu anasaini kwenye boneti ya gari bila kusoma, wiki ya pili fundi anagundua gia boksi nayo imepasuka. Mpigie fundi kwanza, muulize kama gari limefunguliwa lote, ndipo ushike kalamu.

Na kama kampuni imekataa au imekupa kidogo, kuna pa kwenda. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, huduma yake ni bure na huhitaji wakili. Ila kwanza lalamika kwa kampuni yenyewe, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikukatalia kwa simu, waombe waandike. Afisa akikwambia "tulishaongea dada," mwambie ndiyo, tumeongea, sasa naomba barua.